Hekta moja: ilimwe mafuta ya gari, isimikwe paneli za jua, au iachiwe msitu?

Ardhi ni moja, waposaji ni watatu. Wa kwanza anataka kulima miwa, mahindi au michikichi, mavuno yapelekwe kiwandani yakageuzwe mafuta ya gari. Wa pili anataka kusimika paneli za jua auze umeme. Wa tatu anaomba ardhi iachwe ipumue, miti irudi. Wote huja na mahari ya aina moja: kila mmoja anaahidi kupunguza hewa ukaa inayoipasha dunia joto.

Mahari hizo hazilingani hata kidogo. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwa hatuzioni zikiwekwa pamoja mkekani. Wizara ya nishati husifu mafuta ya mimea, wizara ya kilimo huhesabu magunia, idara ya misitu huhesabu miti, na kila moja ina ripoti yake. Lakini hekta haijui mipaka ya wizara. Ukiipa gari, umeinyima sahani au umeunyima msitu. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye lazima aamue: mwenye shamba aliyeletewa mkataba, mjumbe wa kamati ya ardhi, mpiga kura anayeahidiwa mafuta safi kutoka shambani.

Uzito wa jambo lenyewe ni huu. Kwa hesabu za IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, mwaka 2019 usafiri ulitoa moja kwa moja takriban 15% ya gesi zote zinazopasha dunia joto, na kilimo, ukataji wa misitu na matumizi mengine ya ardhi 22%. Sera inayotaka kutibu jeraha la kwanza kwa kutumia ardhi inaweza kulichimba la pili. Imeshatokea, na nitaeleza wapi.

Gari litafika wapi

Hesabu hii yeyote anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi. Chukua gari dogo linalokunywa lita 7 za petroli kwa kilomita 100. Lita moja ya ethanoli, yaani pombe inayotokana na mazao na kuchomwa kama mafuta, ina nishati ya takriban theluthi mbili tu ya lita ya petroli, kwa hiyo gari hilo hilo litahitaji lita 10.5 za ethanoli kwa mwendo ule ule.

Hekta ya mahindi inayotoa tani 10, yaani mavuno ya mkulima mwenye mbegu bora, mbolea ya kutosha na mashine, huzaa karibu lita 4,000 za ethanoli. Gari litatembea kilomita 38,000. Hekta ya miwa huzaa lita 6,500 hivi, sawa na kilomita 62,000. Michikichi iliyotunzwa vizuri, kwa gari la dizeli, iko jirani na miwa.

Sasa njoo kwenye paneli. Ukiacha njia za kupita na nafasi ya kuzuia safu moja isiitie nyingine kivuli, hekta moja hubeba kilowati 500 bila kubanana. Mahali penye jua la wastani kila kilowati huzalisha uniti 1,200 kwa mwaka, basi hekta nzima ni uniti 600,000. Toa moja ya tano inayopotea kwenye nyaya na wakati wa kuchaji. Zinabaki 480,000. Gari la umeme hutumia uniti 18 hivi kwa kilomita 100. Gawanya, utapata zaidi ya kilomita milioni 2.6.

Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya miwa na karibu mara 70 ya mahindi. Na mahindi nimeyakadiria kwa ukarimu, paneli kwa ubahili.

Sababu iko kwenye maumbile, wala si uzembe wa wakulima. Mmea haukuumbwa uwe pipa la mafuta. Katika mwaka mzima zao la shambani huhifadhi kama sehemu moja tu ya mia ya mwanga uliolimwagikia, mara nyingi pungufu ya hapo, kwa sababu lina kazi nyingine: kuota mizizi, kupumua, kupambana na wadudu, kusubiri mvua. Kisha mavuno hayo huchemshwa, huchachushwa, hukamuliwa maji, halafu yakifika kwenye injini sehemu kubwa ya nishati iliyobaki hupotea kama joto. Paneli za kawaida hunasa takriban 20% ya mwanga, na mota ya gari la umeme hugeuza sehemu kubwa ya umeme inaopata kuwa mwendo. Pengo la namna hii halizibwi na mbegu mpya wala kiwanda kipya.

Msitu haupeleki gari popote. Anayeuchagua msitu aseme wazi kwamba swali la usafiri litajibiwa kwingine, kwa mabasi, reli, baiskeli, umeme wa maji au upepo. Akinyamaza, gari litaendelea kunywa petroli kama jana.

| | Mahindi au miwa ya ethanoli | Paneli za jua | Msitu unaorudi |
|---|---|---|---|
| Mwendo wa gari kwa mwaka | kilomita 38,000 hadi 62,000 | zaidi ya kilomita milioni 2.6 | hakuna |
| Hewa ukaa inayoepukwa au kufyonzwa kwa mwaka | tani 6 hadi 10, kabla ya kutoa ya mbolea, matrekta na kiwanda | takriban tani 420, kabla ya kutoa ya kutengeneza paneli na betri | tani 10 hivi penye joto na mvua, pungufu zaidi penye ukame au baridi |
| Inachohitaji kila mwaka | mvua, mbolea, dizeli, vibarua | kusafishwa, ulinzi, fundi wa mara kwa mara | ulinzi dhidi ya moto na shoka |
| Ukijuta | badilisha msimu ujao | mkataba wa miaka 25 hadi 30 | kukata ni siku chache, kurudisha ni karne |

Safu ya hewa ukaa, kwa ethanoli na paneli, imehesabiwa hivi: lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa, na nimezidisha kwa lita ambazo gari halikuzinywa. Kwa paneli, hata ukitoa hewa ukaa ya kuzitengeneza na ya betri za magari yenyewe, hubaki zaidi ya tani 300 kwa mwaka. Kwa mahindi, ukitoa ya mbolea, matrekta na kiwanda, hubaki kidogo mno, na wanasayansi wamebishana kwa miaka kama kinabaki chochote.

Deni ambalo halisemwi kwenye kituo cha mafuta

Sera za mafuta ya mimea hazikuanza kwa ajili ya tabianchi. Brazil ilianzisha Proálcool, mpango wake wa ethanoli, mwaka 1975 kwa sababu bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla miaka miwili nyuma na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuyanunua. Marekani iliweka lazima ya kuchanganya ethanoli kwenye petroli kwa sheria ya nishati ya mwaka 2005, ikaipanua mwaka 2007. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2009: ifikapo 2020, 10% ya nishati ya usafiri itoke kwenye vyanzo jadidifu. Kwa kuwa magari ya umeme yalikuwa machache, kwa vitendo sehemu kubwa ya lengo hilo ilitimizwa kwa mafuta ya mimea.

Mwaka 2008 tafiti mbili zilichapishwa katika jarida la Science, na kwangu mimi ndizo zilizobadilisha mjadala wote. Ya kwanza, iliyoongozwa na Joseph Fargione, iliuliza swali rahisi: ukifyeka uoto wa asili ili ulime mafuta ya gari, itachukua miaka mingapi mafuta hayo kulipa hewa ukaa uliyoitoa siku ya kufyeka? Mbuga za Cerrado nchini Brazil zikigeuzwa mashamba ya miwa, miaka 17 hivi. Msitu wa mvua wa tambarare ukigeuzwa mashamba ya michikichi, miaka 86. Na vinamasi vya Indonesia na Malaysia, vyenye udongo mweusi wa majani yaliyojikusanya kwa maelfu ya miaka bila kuoza, vikikaushwa kwa michikichi, deni hulipika kwa zaidi ya miaka 400. Mtoto wa mjukuu wa aliyefyeka atazikwa deni likiwa bado bichi.

Utafiti wa pili, wa Timothy Searchinger na wenzake, uligusa palipofichika zaidi. Tuseme mkulima hakukata mti hata mmoja. Alichukua tu shamba lake la mahindi ya chakula akaanza kuyauza kiwanda cha ethanoli. Walaji hawakuacha kula. Bei ikapanda, na mtu mwingine upande wa pili wa dunia akaona faida ya kufyeka msitu ili ajaze pengo. Moshi wa msitu huo hauingii kwenye hesabu za mkulima wa kwanza, lakini angani haukosi. Ukubwa wa athari hiyo umebishaniwa sana na makadirio ya baadaye yalishuka. Kuwapo kwake ni vigumu kukukana.

Ulaya ilisikia, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2018 iliamua kwamba mafuta ya mimea yenye hatari kubwa ya kusababisha ukataji wa misitu, hasa mawese, yaondolewe polepole kwenye malengo yake hadi yafike sifuri mwaka 2030. Indonesia imeelekea upande mwingine: kiwango cha lazima cha mafuta ya mawese katika dizeli kilifika 30% mwaka 2020 na 40% mwaka 2025. Sababu zake zinaeleweka, nchi inapunguza dizeli ya kuagiza na kuwashikia wakulima bei. Lakini kila asilimia inayoongezwa kwenye tangi inatafuta hekta, na hekta za huko zimepakana na misitu.

Kuna somo jingine ambalo waliolipitia hawalisahau: mbono (jatropha). Kati ya miaka ya 2005 na 2010 mmea huu ulitangazwa kama dawa ya kila kitu. Ungeota penye mawe, usingehitaji maji, usingeshindana na chakula. Wawekezaji walichukua ardhi kubwa India na Afrika. Mbono kweli ukaota penye mawe, ila ukazaa kama kitu kilichoota penye mawe. Waliotaka mavuno ya maana walilazimika kuupa mbolea, maji na udongo mzuri, vile vile ambavyo mahindi yalivihitaji. Mtu akikuletea zao la mafuta linalostawi bila kunywa wala kula, mwombe akuonyeshe mavuno ya misimu mitano mfululizo kutoka kwenye udongo kama wako.

Mkulima anapata nini, anapoteza nini

Hapa lazima niutendee haki upande wa mafuta ya mimea, kwa sababu wapinzani wake wengi hawajawahi kubaki na mazao yasiyo na mnunuzi. Lazima ya kuchanganya mafuta humpa mkulima mteja asiyeondoka. Nchini Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi huenda kwenye viwanda vya ethanoli, na machicha yanayobaki, kama theluthi ya uzito wa nafaka iliyoingia, hurudi kulisha ng'ombe, nguruwe na kuku. Brazil imefanya vizuri zaidi: viwanda vya miwa hujiendesha kwa kuchoma makapi ya miwa yenyewe, vingine huuza umeme wa ziada, na tangu 2003 magari yanayokunywa petroli au ethanoli kwa uwiano wowote yamempa dereva uhuru wa kuchagua kila anaposimama kituoni. Ikiwa kuna mahali mafuta ya mimea yanajitetea, ni hapo, kwenye miwa iliyolimwa ardhi ya zamani ya malisho.

Hata hivyo mkulima ndiye wa kwanza kupigwa na tabianchi inayobadilika. Tafiti zilizokusanywa kutoka duniani kote zinaonyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupunguza mavuno ya mahindi kwa takriban 7% kwa wastani, ukiacha kila kitu kingine kilivyo. Sasa weka lazima ya kisheria juu ya zao linalotetereka namna hiyo. Mwaka 2012 ukame mkali uliyachoma mahindi ya Marekani, mavuno yakashuka chini kabisa ya matarajio. Wafugaji waliona bei ya chakula cha mifugo ikiwakaba, na magavana wa majimbo kadhaa wakaiomba serikali kuu isimamishe kwa muda lazima ya ethanoli. Novemba mwaka huo wakakataliwa. Injini na ng'ombe waligombania gunia moja, na sheria ilikuwa upande wa injini.

Kuna pia mbolea. Sehemu ya naitrojeni inayomwagwa shambani hugeuka nitrasi oksidi, gesi inayopasha dunia joto mara 273 zaidi ya hewa ukaa kwa uzito ule ule ukihesabu miaka 100. Paul Crutzen, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995, alionya pamoja na wenzake kwamba kwa mazao yanayokula mbolea nyingi gesi hii pekee inaweza kumeza faida yote ya mafuta ya mimea. Kwa mazao yanayohitaji mbolea kidogo, miwa ikiwamo, hali ni afadhali.

Paneli humpa mwenye ardhi kodi inayojulikana, mvua inyeshe isinyeshe. Joto kali huzipunguzia nguvu kidogo, chini ya nusu asilimia kwa kila nyuzi, na vumbi huzifunika, lakini hazikauki kama bua. Hasara yake ni ya kijamii. Kodi inakwenda kwa mwenye hati. Mpangaji aliyekuwa akilima pale, kibarua wa palizi, mfugaji aliyekuwa akipitisha mifugo baada ya mavuno, hao hawasomeki popote kwenye mkataba. Shamba la mahindi hulipa mikono mingi. Shamba la paneli, likishasimama, hulipa michache sana.

Njia ya katikati ipo, na inanipa moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanafizikia Mjerumani Adolf Goetzberger pamoja na Armin Zastrow walipendekeza paneli ziinuliwe juu na kuachana nafasi ili viazi viendelee kulimwa chini yake. Wazo lililala miaka mingi kwa sababu paneli zilikuwa ghali. Kwenye shamba la Heggelbach kusini mwa Ujerumani lilijaribiwa kwa ngano, viazi na mazao mengine: mwaka 2017, ukijumlisha umeme na mavuno, hekta moja ilifanya kazi ya hekta 1.6 zilizotenganishwa. Mwaka 2018, kiangazi kilipokuwa kikali, ilifika 1.86, kwa kuwa kivuli kiliyakinga mazao na jua la kupitiliza. Kadiri joto linavyozidi ndivyo kivuli kinavyopanda thamani. Vyuma virefu vya kuinulia paneli vinaongeza gharama, na trekta kubwa halipiti kila mahali. Kwa bustani za mboga na mazao mafupi yanayopenda kivuli kidogo, ningeliuliza jambo hili kabla ya kusaini mkataba wa kufukuza jembe kabisa.

Msitu, na kile ambacho jedwali halikionyeshi

Ukiisoma safu ya hewa ukaa peke yake, paneli zimeushinda msitu mara 30 na zaidi. Mtu mwenye haraka angesema: basi kata, simika. Hapo ndipo hesabu nzuri inapoweza kumpoteza mwenye nia njema.

Kwanza, tani 10 kwa mwaka ni za msitu mchanga unaorudi. Msitu mkongwe wa nchi za joto umeshikilia akiba ya tani 500 za hewa ukaa au zaidi kwa hekta, na ukifyekwa akiba hiyo hutoka kwa moshi na kuoza. Pili, na hili ndilo zito kwangu, msitu hufanya kazi ambayo paneli hazijui hata jina lake. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Brazil Eneas Salati alionyesha kwamba karibu nusu ya mvua ya Amazon inatokana na mvuke ambao bonde lenyewe limeurudisha angani. Miti huvuta maji ardhini na kuyapuliza juu, upepo huyabeba, nayo hunyesha tena mbali, juu ya mashamba na mabwawa ya umeme. Anayeukata msitu ili alime hujikatia mvua yake mwenyewe. Anayeukata ili azalishe nishati hukausha mto unaozungusha mitambo ya jirani.

Tatu, paneli zina pa kwenda, msitu hauna. Dunia nzima hutumia takriban uniti trilioni 30 za umeme kwa mwaka. Kwa kipimo changu cha ubahili cha uniti 600,000 kwa hekta, umeme wote huo ungetoka kwenye hekta milioni 50. Ni eneo kubwa, lakini ni kama 3% tu ya ardhi inayolimwa mazao duniani, na bado hatujagusa mapaa, maegesho, kingo za barabara, migodi iliyofungwa na malisho yaliyochakaa. Hakuna siku nchi itakosa pa kuweka paneli isipokuwa ndani ya msitu. Kwa hiyo anayependekeza kufyeka msitu wa asili kwa ajili ya umemejua anatafuta ardhi ya bei rahisi, na aambiwe hivyo.

Msitu nao una udhaifu wake, na wapenzi wake tusiufiche. Unaungua. Ukame na joto vinauongezea kiberiti, kama Kanada ilivyoshuhudia mwaka 2023, msimu mbaya kuliko yote katika kumbukumbu zake. Hekta uliyoihesabia tani zake kwa miaka 30 inaweza kuzitoa kwa wiki moja, wakati petroli ambayo haikuchomwa haiwezi kuchomwa kwa kurudi nyuma. Ndiyo maana sipendezwi na biashara ya kaboni inayomruhusu mchafuzi aendelee kuchoma mafuta leo kwa kuahidiwa kwamba miti fulani itasimama karne nzima. Na kwenye nchi za theluji, miti ya rangi nzito ikifunika ardhi nyeupe iliyokuwa ikirudisha mwanga angani, sehemu ya faida hupotea.

Lakini kinachookoa msitu kinajulikana na ni cha haraka. Mwaka 2004 Amazon ya Brazil ilipoteza zaidi ya kilomita za mraba 27,000. Mwaka 2012 ilikuwa chini ya 4,600. Hakukuwa na muujiza: picha za setilaiti zilizotumwa kwa wakaguzi mapema, maeneo mapya ya hifadhi na ya wenyeji wa asili, benki kunyima mikopo wafyekaji, na makampuni ya soya kukubaliana mwaka 2006 yasinunue kutoka ardhi iliyofyekwa upya. Baadaye ulinzi ulipolegea, ukataji ukapanda tena.

Sera ikikutana na sera

Costa Rica ilipiga marufuku kugeuza misitu kuwa matumizi mengine kwa sheria ya mwaka 1996, na papo hapo ikaanza kuwalipa wenye ardhi wanaotunza miti. Fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi ya mafuta ya gari. Anayechafua akamlipa anayesafisha. Leo zaidi ya nusu ya nchi hiyo ina misitu.

Sasa weka pembeni yake Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme kamili, baada ya miongo ya misamaha ya kodi na kwa umeme unaotoka karibu wote kwenye maji. Ukiunganisha sera hizi mbili nzuri, moja inaila nyingine: magari yakiacha mafuta, kodi ya mafuta hukauka, na mlinzi wa msitu hukosa mshahara. Nchi inayopanga kuhamia umeme iamue tangu mwanzo mfuko wa misitu utajazwa na nini siku hiyo ikifika, tozo ya barabara, ya maji, au ya umeme wenyewe.

Ningechagua nini

Kama ni msitu wa asili uliosimama, au kinamasi, jibu langu ni moja bila sharti: uachwe. Hakuna safu katika jedwali inayolipa hasara ile.

Kama ni shamba zuri lenye maji, lilime chakula. Paneli zikitakiwa, ziinuliwe juu ya mazao au zikae pembezoni. Kulilima mafuta ya magari madogo ni kupoteza udongo adimu kwa kilomita chache ambazo paa la ghala lingezitoa.

Kama ni malisho yaliyochoka, ardhi yenye chumvi au mgodi wa zamani, na nyaya za umeme ziko karibu, paneli. Nyaya zikiwa mbali sana, na palikuwa na msitu kizazi kimoja au viwili nyuma, mpe asili nafasi irudishe yenyewe kabla ya kununua miche. Mara nyingi visiki na mbegu bado viko ardhini.

Kama tayari una miwa na kiwanda kiko hapo hapo, endelea, ila usipanue kwenda msituni, na uangalie soko la ethanoli linakoelekea. Betri za lithiamu zilishuka bei kwa takriban 85% kati ya 2010 na 2019, na magari madogo yanauhama mfumo wa kuchoma. Ndege za safari ndefu na meli hazitauhama upesi. Ulaya imezilazimisha kampuni za mafuta ya ndege kuchanganya 2% ya mafuta safi tangu 2025, kiwango kitakachopanda hadi 70% mwaka 2050, na imekataa mafuta ya mazao ya chakula kuhesabiwa humo. Yanayokubalika ni ya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, mabaki ya mashamba na misitu, na yanayotengenezwa kwa umeme. Kwa hiyo makapi yako huenda yakaja kuwa na soko kuliko sukari yako.

Na ukiletewa mkataba wa paneli, kabla ya kuuliza kodi ni kiasi gani, tafuta kifungu kinachosema ni nani atazing'oa mwaka wa 30, kwa fedha zilizowekwa wapi, na ardhi itarudishwa katika hali gani. Kama hakipo, mwambie aliyeuleta akuandikie hicho kwanza.